Kazi ya Kipaumbele cha Chini Isiyochosha Betri: Mwongozo wa Linux

Stima inapopotea hapa Umoja huku kipakatalishi changu kikibana picha za wateja, ninachotaka ni betri idumu, hata kama kazi itakamilika usiku wa manane. Kwa muda mrefu niliiendesha kazi hiyo kwa nice -n 19, nikiamini kwamba kipaumbele cha chini huipunguzia prosesa kasi, lakini mvumo wa feni ulinikanusha. Thamani ya nice, kuanzia -20 hadi 19, hugawa tu muda wa prosesa baina ya kazi zinazoushindania. Kazi iliyo peke yake huupata wote, na masafa (kasi ya mapigo ya prosesa) hupanda.

Hatua ya 1. Mtambue gavana, si yule wa kaunti, bali sehemu ya kerneli (moyo wa Linux) inayochagua masafa:

cd /sys/devices/system/cpu
cat cpu0/cpufreq/scaling_driver cpu0/cpufreq/scaling_governor

Ukiona intel_pstate, kiendeshi cha prosesa za Intel, andika kwanza hivi ili magavana wa hatua zifuatazo wapatikane: echo passive | sudo tee intel_pstate/status

Hatua ya 2. Jionee mwenyewe:

taskset -c 0 nice -n 19 sha256sum /dev/zero &
cat cpu0/cpufreq/scaling_cur_freq

Jibu huja kwa kilohezi. Iache kazi hii iendelee, kwani utaihitaji katika hatua ifuatayo.

Hatua ya 3. Mteue gavana ondemand, kisha mwagize azipuuze kazi zilizoshushwa:

echo ondemand | sudo tee cpu*/cpufreq/scaling_governor
echo 1 | sudo tee cpufreq/ondemand/ignore_nice_load

Sasa muda unaotumiwa na kazi yoyote yenye nice iliyozidi 0 huhesabiwa kana kwamba prosesa imepumzika, kwa hiyo masafa hayapandi kwa ajili yake. Hapa 1 na 19 ni sawa, jambo ambalo wengi hulisahau. Soma masafa tena, kisha uisimamishe kazi ya majaribio kwa kill %1.

Hatua ya 4. Gavana schedutil, aliyeingia katika kerneli 4.7 mwaka 2016, hana swichi hiyo, kwa sababu hupima matumizi ya prosesa bila kuitazama nice. Kwake tumia kikomo cha matumizi, ikiwa kerneli yako ilijengwa nacho:

uclampset -M 300 nice -n 19 tar -cJf picha.tar.xz picha/

Kipimo kamili ni 1024, hivyo 300 haifiki theluthi moja. Hata hivyo, kazi nyingine isiyo na kikomo ikiwa tayari kwenye kiini hichohicho, kikomo kikubwa zaidi ndicho kinachofuatwa. Sipendekezi kabisa chrt -f, inayoifanya kazi iwe ya muda halisi, kwa kazi za aina hii, kwani schedutil kwa kawaida huzipa kazi za muda halisi masafa ya juu kabisa, hata zikiwa nyepesi.

Mipangilio ya hatua ya 1 na ya 3 hufutika mashine inapozimwa. Mimi nimeiweka kwenye skripti inayoendeshwa mashine inapowaka.