Kubeti mbio za farasi kwa hesabu: namna ninavyotafuta bei nzuri

Kila anayejua kwamba nabeti mbio za farasi huniuliza nani atashinda leo. Swali hilo nililiacha miaka mingi iliyopita. Farasi anayependelewa zaidi na wabeti hushinda takriban mbio moja kati ya tatu, na bado ukimbeti kila mara bila kuchagua utapoteza, kwa kuwa bei yake ni ndogo kuliko hatari unayobeba. Ninachotafuta ni farasi ambaye odi yake (bei yake, yaani mara ngapi ya dau lako utalipwa akishinda) ni kubwa kuliko inavyostahili nafasi yake halisi ya kushinda, hata kama uwezekano mkubwa ni kwamba hatashinda.

Hatua ya 1: Tenga fedha za kazi

Ziwe fedha ambazo zikiisha zote, kodi na chakula havitaguswa. Wabeti wengi hupoteza wakihesabu mwaka mzima, na anayebeti kwa fedha za kukopa hawezi kufikiri sawasawa. Kama hazipo, ishia hapa.

Hatua ya 2: Pima ukato wa kampuni ya kubeti

Gawanya 1 kwa odi ya kila farasi, kisha jumlisha. Tuseme farasi ni sita na odi zao ni 2.5, 4, 5, 9, 13 na 21. Unapata 0.40 + 0.25 + 0.20 + 0.111 + 0.077 + 0.048, yaani karibu 1.086. Nafasi za kweli zikijumlishwa hazizidi 1, kwa hiyo hiyo 0.086 ya juu ndiyo faida ambayo kampuni imejiwekea. Jumla ikifika 1.20, mimi huziacha mbio hizo. Kwenye mfumo wa chungu kimoja, ambapo madau yote hukusanywa na washindi kugawana, ukato mara nyingi huwa kati ya asilimia 15 na 25, na mlima huo ni mrefu kuupanda.

Hatua ya 3: Chagua mbio chache

Siku yenye mbio thelathini, mimi huchambua tatu au nne. Naacha zile za farasi wachanga ambao hawajawahi kukimbia, maana hakuna cha kusoma.

Hatua ya 4: Andika odi zako kabla ya kuona za soko

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiona kwanza bei ya soko, yaani ile inayotokana na kampuni na wabeti wengine, akili yako itaifuata.

Anza na rekodi. Kwa mtindo wa Uingereza, rekodi ikiandikwa 41-P32 huisomi kama sentensi: namba ya kulia kabisa ndiyo mbio ya karibuni. Huyu alikuwa wa pili, kabla ya hapo wa tatu, na kabla yake P, maana yake joki (mpanda farasi) alimsimamisha njiani. Kistari kinatenganisha misimu. Mtu mwenye haraka huiona P na kumtupa farasi. Mimi hufungua mbio ile na kutazama hali ya uwanja. Kama siku ile ulikuwa mzito kwa tope, na mbili zilizofuata ulikuwa mkavu, basi P ile inanieleza uwanja anaoukataa, na leo ukiwa mkavu naweza kuisamehe. Soko mara nyingi haliisamehe, na bei yake hubaki juu.

Baada ya hapo tazama umbali, uzito aliobebeshwa, nafasi ya lango la kuanzia (kwenye mbio fupi zenye kona kali, lango la ndani husaidia sana) na siku alizopumzika. Kisha mpe kila farasi asilimia, zote zifike 100. Gawanya 100 kwa asilimia yake upate odi yako ya haki. Ukimpa 25, odi yako ni 4.

Sasa fungua soko. Likikupa 5, una sababu ya kubeti. Likikupa 3.5, mwache hata kama unaamini atashinda. Pengo likiwa kubwa mno, rudi ukague upya. Bill Benter, aliyetengeneza mamilioni Hong Kong kwa programu ya kompyuta, alionyesha mwaka 1994 kwamba makadirio yake yalifanya kazi vizuri zaidi yalipochanganywa na odi za umma. Soko linajua mambo usiyoyajua.

Hatua ya 5: Weka dau dogo

Kanuni ya mtafiti John Kelly ya mwaka 1956, ya kupima ukubwa wa dau, inasema: zidisha nafasi kwa odi, toa 1, kisha gawanya kwa odi iliyopunguzwa 1. Kwa mfano wetu, 0.25 × 5 − 1 = 0.25, gawanya kwa 4, unapata asilimia 6.25 ya mtaji. Mimi huweka robo yake, karibu asilimia 1.5, kwa sababu makadirio yangu hukosea.

Usiongeze dau mara mbili kila unapopoteza. Mwanzoni nilifanya hivyo na mtaji wangu ukaisha jioni moja. Ukianza na 1, baada ya kupoteza mara kumi dau linalofuata ni 1,024, na kwa farasi wenye nafasi ya asilimia 25, mfululizo wa kumi hutokea mara nyingi.

Hatua ya 6: Andika kila dau

Andika odi yako, odi uliyochukua na odi ya mwisho mbio zilipoanza. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoithamini zaidi. Ukichukua 5 na soko likafunga 4.2, tena na tena, unasoma vizuri hata kama wiki hii umepoteza. Soko likifunga juu ya bei yako kila mara, rudi kwenye hatua ya 4 na ubeti kwenye karatasi tu, madau 200, kabla ya kugusa fedha tena.