Namna ya Kuzalisha Vinyonga wa Pembe Tatu

Kinyonga wa pembe tatu, ambaye asili yake ni nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru nchini Tanzania, hatagi mayai kama wengi wa jamii yake, bali huzaa watoto walio hai. Kwa hiyo mfugaji huepukana na kazi ya kuatamisha mayai, lakini hulazimika kumtunza mama kwa miezi mingi. Aliye Kenya aanze na kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), kwa kuwa sheria ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyamapori bila idhini.

Kila kinyonga akae peke yake katika tundu refu la wavu lenye matawi na majani mengi. Joto la mchana liwe kati ya nyuzi 21 na 27 za Selsiasi, na usiku lishuke hadi karibu nyuzi 15. Taa ya joto izimwe jioni bila huruma, maana huyu ni mnyama wa milimani na baridi ya usiku ndiyo afya yake.

Siku ya kupandisha, jike aliyekomaa apelekwe kwenye tundu la dume. Dume atatikisa kichwa na kumsogelea. Jike akitulia, waachwe. Akiwa mweusi, akafumbua kinywa na kuanza kuyumba huku akitoa sauti ya kufoka, aondolewe mara moja na kujaribiwa siku nyingine.

Mimba huchukua takriban miezi 5 hadi 9. Wadudu wa kumlisha wapakwe unga wa kalsiamu, ila vitamini zitolewe kwa uchache sana, kwani zikizidi, shingo yake huweza kuvimba. Maji anyunyiziwe majanini, kwa sababu hulamba matone wala hajui bakuli.

Watoto, ambao huweza kuwa 8 hadi 30, hutoka mmoja mmoja ndani ya utando mwororo unaonata kwenye tawi au kuanguka sakafuni, kisha hujinyoosha, huupasua na kuanza kupanda. Wahamishwe siku hiyohiyo, wagawanywe wachache wachache, walishwe nzi wadogo wa matunda na nyenje wachanga, na wanyunyiziwe maji mara kadhaa kwa siku.

Jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini na kuzaa tena bila kupandishwa, hivyo aendelee kulishwa kama mwenye mimba hata kama hajarudishwa kwa dume.