Ukiuza USDT, usiachie sarafu kwa kuamini meseji

Mnaouziana USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) hapa Kigoma, hili muhimu. Mkikubaliana bei ndani ya jukwaa, yaani app ya watu kuuziana sarafu, sarafu za muuzaji hazimwendei mnunuzi papo hapo, jukwaa linazifunga. Muuzaji hawezi kuzihamisha, mnunuzi hawezi kuzichukua, mpaka mnunuzi alipe, kisha muuzaji abonyeze kuachia.

Wizi mwingi uko kwenye kubonyeza huko. Utatumiwa picha ya muamala, au meseji ya "umepokea" kutoka namba ya mtu tu, halafu mtu anakuhimiza: "Kaka, achia basi, niko Mwanga sokoni, simu inazima." Acha izime. Fungua menyu ya M-Pesa au benki yako mwenyewe, tazama salio, linganisha jina la aliyetuma na lile la kwenye jukwaa. Yakitofautiana, usiachie; fungua mgogoro, jukwaa liamue. Ukishaachia, huna pa kuzidai.

Mnunuzi naye, ukishalipa usighairi oda hata ukiombwa kwa upole wa namna gani: ukighairi, sarafu zinamrudia muuzaji na pesa yako anayo. Na anayetaka mmalizane WhatsApp ili mkwepe makato, huko hakuna anayewashikia chochote.