Kichina shuleni: jinsi ya kulinda hamu isikatike njiani

Wiki za mwanzo darasa la Kichina huwa na moto. Kila mtu anasalimia nǐ hǎo hadi nje ya geti. Muhula ukifika katikati, darasa limepoa, na wengi huambiwa ni wavivu. Mara nyingi tatizo ni kusahau. Mwanafunzi amekariri maneno 20 Jumatatu, Ijumaa yamebaki manne, anaona jasho lake halina faida. Hapo hata umpe hotuba gani, hamu haikai. Hurudi pale anapoona kwa macho yake kwamba anachokijua kinaongezeka, na hilo linapangika.

Anza kwa kupunguza dozi. Maneno 3 mapya kwa siku, siku tano za shule, ni 15 kwa wiki. Kwa wiki 10 unakuwa umepitia maneno 150, ambayo ndiyo kiwango cha ngazi ya 1 ya HSK, mtihani wa Kichina kwa wasio Wachina, katika mfumo wa ngazi sita ulioanza 2010. Katika mfumo huo ngazi ya 2 inataka 300, ya 3 inataka 600. Mtihani wa ngazi ya 1 una maswali 40, nusu ya kusikiliza na nusu ya kusoma. Alama ni 200 na kufaulu ni 120, na maandishi yake yamewekewa pinyin, yaani matamshi ya Kichina kwa herufi za kilatini. Lengo hilo linafikika hata kwa mtu ambaye hajawahi kutoka Masasi au Nachingwea, huku kusini mwa Tanzania. Muulize mwalimu ni toleo gani la mtihani linalotumika sasa kabla ya kujiandikisha.

Kisha tengeneza kadi. Kata manila vipande vya ukubwa wa karata. Mbele andika herufi ya Kichina peke yake, yaani hanzi. Nyuma weka pinyin yenye alama za toni (kupanda na kushuka kwa sauti), maana kwa Kiswahili, na sentensi fupi moja. Usiweke pinyin mbele: jicho litakimbilia herufi za kilatini na kuiruka hanzi, na mwezi mzima utapita ukidhani unasoma. Chukua boksi la viatu, ligawe vyumba vinne. Cha kwanza kinapitiwa kila siku, cha pili kila baada ya siku 3, cha tatu kila wiki, cha nne kila wiki mbili. Ukijibu sawa kadi inasogea mbele. Ukikosea inarudi cha kwanza, hata kama ilikuwa cha nne.

Dakika 15 kwa siku zinatosha: 10 za kadi za zamani, 5 za mpya, na za zamani zitangulie. Siku umechoka, acha mpya kabisa. Kila Ijumaa hesabu kadi za chumba cha nne na uandike idadi nyuma ya daftari. Namba hiyo ndiyo ya kuangalia siku unapotaka kuacha.

Toni ndiyo inayowavunja moyo wengi, na inastahili muda kuliko kitu kingine chochote mwaka wa kwanza. Toni ya kwanza, mā, ni mama; ya pili, má, ni katani; ya tatu, mǎ, ni farasi; ya nne, mà, ni kutukana. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwanafunzi huhamishia tabia hiyo kwenye Kichina bila kujua. Anayezungumza Kimakonde au Kiyao nyumbani ana nafuu hapa, kwa kuwa lugha hizo nazo hutumia kupanda na kushuka kwa sauti. Kosa la kawaida ni kuzoea toni moja moja. Katika maneno toni huja mbili mbili, kwa hiyo fanya jozi: kila moja ya toni nne, ikifuatwa na mojawapo ya hizo nne au na silabi isiyo na toni, ni jozi 20. Shika jozi moja kwa siku, maneno matatu, useme kwa sauti. Toni ya tatu ishushe chini na uiache huko. Wengi huipandisha mno mwishoni. Zikifuatana mbili za tatu, ya kwanza hugeuka ya pili: tunaandika nǐ hǎo, tunatamka ní hǎo.

Konsonanti nazo zina mtego. Shika kipande cha karatasi mbele ya midomo. Kwa p, t na k za pinyin karatasi itikisike. Kwa b, d na g isitikisike, na koo lisingurume kama katika "baba". Ukitamka b ya Kiswahili kila mahali, Mchina atakuelewa kwa shida na wewe utakata tamaa bila kujua kosa liko wapi.

Siku na saa zinahitaji tahadhari. Jumatatu ni xīngqīyī, siku ya 1, na mwanafunzi anayefuata Kiswahili huiita ya 3. Saa mbili asubuhi ni bā diǎn, yaani 8. Andika ratiba ya vipindi vya wiki kwa Kichina, ibandike juu ya kitanda, na kosa hili litaisha ndani ya mwezi.

Kwa kuandika, daftari la hesabu lenye viboksi linafaa sana. Unganisha viboksi vinne viwe kimoja kikubwa chenye msalaba katikati, na kila hanzi ikae humo. Mstari wa juu kabla ya wa chini, wa kushoto kabla ya wa kulia, wa kulala kabla ya wa kusimama unaoukata. Andika mara tano ukiangalia, funika, andika mara moja kwa kumbukumbu. Kunakili mara 50 ni kuchosha mkono huku akili imelala. Angalia pia vipande vinavyojirudia: matone matatu ya maji, 氵, yamo katika 海 (hǎi, bahari) na 河 (hé, mto). Hanzi mpya ikija na matone hayo, tayari una fununu ya maana yake.

Vitabu vingi vimejaa theluji na treni. Ongeza vya kwako: 鱼 yú ni samaki, 腰果 yāoguǒ ni korosho, 芝麻 zhīma ni ufuta, 木薯 mùshǔ ni mhogo. Uchina ni mnunuzi mkubwa wa ufuta wetu, na magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981, yametoa vigae vya vyombo vya kauri vya Kichina. Mzazi akiuliza Kichina cha nini, mjibu kwa hayo, wala usimwahidi ajira. Andika sentensi tano kwa wiki kuhusu nyumbani kwenu. Sarufi itakusaidia: kitenzi hakibadiliki. Wǒ qù, nǐ qù, tāmen qù. Qù ni ileile.

Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, ndipo Kichina hufa nyumba nyingi. Usijaribu kusoma mapya. Funga kadi 20 kwa mpira, zikae mfukoni, na wakati wa kuokota hesabu korosho kwa Kichina. Ukijua namba 1 hadi 10 unafika 99: 11 ni shí yī, 20 ni èr shí, 99 ni jiǔ shí jiǔ.

Wenzako wakikucheka unapotamka, tafuta mtu mmoja tu wa kusema naye kila siku. Simu haziruhusiwi shuleni. Jumamosi omba ya mzazi, jirekodi dakika mbili, na weka kamusi ya Pleco, ambayo ni bure na inafanya kazi bila bando ikishapakuliwa.

Na kama umeshaacha kwa wiki kadhaa, usianze kitabu upya. Mwaga kadi zote mezani, zipitie mara moja. Unazozijua ziingie chumba cha tatu, unazositasita cha pili, zilizopotea cha kwanza. Fanya hizo tu, dakika 10 kwa siku, na maneno mapya yasubiri hadi chumba cha kwanza kibaki na kadi zisizozidi 20.