Somo: Kuchunguza galaksi ya Elite Dangerous (mchezo wa kompyuta wa kurusha meli za angani) kabla tamaa ya kumaliza kila kitu haijakumaliza

Mwezi huu nimeulizwa mara sita: "Nimeingia mfumo wenye sayari 60, nizipige skana zote au niende?" Wengine mmeniandikia kwa inboksi, wawili mmenipigia simu nikiwa kazini. Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo cha somo hili.

Kwanza hesabu. Mchezo ulitoka Desemba 2014 ukiwa na mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400, yaani galaksi yetu kwa ukubwa wake halisi. Ukitembelea mfumo mmoja kila sekunde, bila kula wala kulala, utahitaji zaidi ya miaka 12,600. Wachezaji wote tangu siku ya kwanza, tukijumlishwa, hatujafikisha hata asilimia 1. Anayeondoka na nia ya kutoacha kitu nyuma amejitwika mzigo usiobebeka. Lakini simwambii mtu aue tamaa hiyo. Mimi ninayo, na ndiyo iliyonifanya niupende mchezo huu. Inachohitaji ni shamba lenye mipaka.

Hatua ya 1. Chukua meli nyepesi inayoruka mbali. Diamondback Explorer inamtosha anayeanza. Ukiwa na pesa zaidi, Asp Explorer.

Hatua ya 2. Funga kichota mafuta, kifaa cha kuchota mafuta kwenye nyota, kikubwa kadiri meli inavyoweza kubeba. Aina za nyota hupewa herufi, na zinazochoteka ni za herufi saba: O, B, A, F, G, K na M. Chuja herufi hizo kwenye ramani kabla ya kupanga njia.

Hatua ya 3. Ukiingia mfumo, piga honi, yaani ule mlio wa skana unaokuonyesha mfumo una vitu vingapi. Kila mfumo, bila kuruka hata mmoja. Ni sekunde chache tu.

Hatua ya 4. Soma upau kabla ya kuanza kupiga skana. Hapa ndipo wengi mnapoteza usiku. Ukishapiga honi, fungua skana kuu na uangalie upau ulio chini ya skrini. Mawe na barafu hukaa upande wa kushoto, majitu ya gesi kulia kabisa, na kati ya hayo mawili ndipo zinapojitokeza sayari za maji, za amonia na zinazofanana na Dunia. Kama sehemu ile ya kati haina kitu, unajua tayari kwamba vile vimwamba 50 vya barafu vitakulipa mamia ya krediti (pesa za mchezo) kila kimoja, wakati sayari moja inayofanana na Dunia hulipa mamia ya maelfu au zaidi. Tumia masikio pia, kwa sababu kila aina ina mlio wake. Baada ya wiki mbili utaitambua sayari ya maji kabla hujaiona.

Hatua ya 5. Andika sheria yako kwenye karatasi kabla ya kuondoka, uibandike karibu na skrini. Yangu inasema: maji, amonia, Dunia, na kitu chochote kizuri machoni. Mengine napita. Sheria ya kichwani haisaidii, maana saa saba za usiku kichwa hukubali chochote.

Hatua ya 6. Rudi ukauze. Hapa someni polepole.

Data ya ramani huishi ndani ya meli mpaka uiuze Universal Cartographics, ofisi ya vituoni inayonunua data hiyo. Meli ikilipuka, bima itakurudishia meli kwa asilimia 5 ya thamani yake, lakini data imekwenda, na jina lako halitaandikwa kwenye sayari hata moja kati ya zile ulizozigundua. Mwaka juzi nilikaa nje wiki tisa. Mifumo 1,412, yote niliiandika kwenye daftari. Sayari zinazofanana na Dunia zilikuwa 11, na sita kati yake hazikuwa na jina la mtu. Nilipita karibu na kituo mara mbili nikasema bado kidogo, nifikishe 1,500 ndipo niuze. Isitoshe, nilikuwa nimejiwekea sharti la kukanyaga sayari moja katika kila mfumo. Usiku mmoja mwendo wa saa tisa, nikiwa hapa Section 58, Nakuru, nikaiendea sayari ya metali yenye mvutano wa 3.4G, yaani mara 3.4 ya ule wa Dunia. Ile namba sikuiangalia. Ngao nilikuwa nimeing'oa ili meli iwe nyepesi. Nikainamisha pua kama ninavyofanya kwenye vimwezi vidogo, meli ikashika kasi, nikavuta, haikuinuka. Nilikaa mbele ya skrini mpaka nikasikia matatu za kwanza zikielekea mjini. Kilichoniuma si krediti. Ni zile sayari sita. Nilikuwa wa kwanza kuziona na hakuna mahali panaposema hivyo.

Kwa hiyo: usisafiri bila ngao, hata iwe ndogo kuliko zote. Angalia mvutano kwenye ramani ya mfumo kabla ya kutua. Ikizidi 1G, shuka ukiwa umelala sawasawa, usiinamishe pua, na usiguse injini za kushusha. Usitue ukiwa na usingizi. Jiwekee kikomo cha kuuza kwa siku, kisiwe cha idadi ya mifumo, kwa sababu idadi itakubembeleza uongeze. Changu ni siku 14. Ukikutana na meli-mama ya mchezaji yenye huduma ya Universal Cartographics, uza hata kama malipo yamepunguzwa. Ukielekea katikati, kuna kituo cha Explorer's Anchorage karibu na Sagittarius A*, shimo jeusi la katikati ya galaksi, miaka ya nuru karibu 26,000 kutoka kwetu. Colonia, eneo jingine lenye vituo, iko kama 22,000. Sampuli za mimea unazokusanya kwenye sayari nazo zina hatari ileile ya kupotea kabla hujaziuza.

Hatua ya 7. Ipe tamaa sanduku lake. Mifumo isiyo na jina maalumu hupewa jina la sekta, herufi tatu, herufi ndogo moja, kisha namba. Ile herufi ndogo, kuanzia a hadi h, ni ukubwa wa mchemraba wa anga: a ni miaka ya nuru 10 kila upande, b ni 20, c ni 40, d ni 80, na huendelea kujirudufu mpaka h, 1,280. Namba ya mwisho ni ya mfumo ndani ya mchemraba huo, kuanzia sifuri. Maana yake unaweza kuchagua sanduku moja dogo, ukaandika majina kwenye ramani ya galaksi moja baada ya jingine, na ukalimaliza kabisa. Ndani ya sanduku lako piga skana kila kitu, hata barafu. Nje yake, sheria ya hatua ya 5. Tangu nianze hivi nimemaliza masanduku manne, na nalala.

MASWALI YA WANACHAMA

Rubani wa Kondele: Mkuu nimeishiwa mafuta niko mbali sana nifanye nini??

Jibu: Hatua ya 2 hukuisoma. Kwa sasa: ukiona saa ya oksijeni inahesabu, toka mpaka menyu kuu mara moja, usirudi ndani. Kisha waombe Fuel Rats. Ni wachezaji wa kujitolea, watakuletea mafuta bila malipo. Wafuate wanachokuambia neno kwa neno.

Rubani wa Kondele: Wamefika. Ilikuwa nyota ya T, kumbe haichoteki.

Jibu: Haimo katika zile saba.

Kijana wa Bungoma: Kuacha sayari nyuma si uvivu tu? Mimi sipiti kitu.

Jibu: Mifumo 1,412 kwenye daftari si uvivu, ndugu. Endelea na njia yako. Nakuuliza moja tu: mara ya mwisho kuuza ilikuwa lini?

Kijana wa Bungoma: Miezi mitatu iliyopita.

Jibu: Leo usitue popote. Geuza meli.

Dada Milimani Kisumu: Hapa kwetu stima hukatika ovyo. Nikikatikiwa katikati ya safari napoteza data?

Jibu: Hapana, dada. Mchezo huhifadhi upande wa seva. Stima ikirudi utajikuta kwenye mfumo uleule. Ninachoogopa mimi ni kukatikiwa ukiwa unashuka kutua au unachota mafuta karibu na nyota. Siku stima inapochezacheza, piga honi na skana tu, sayari usiziguse.

Dada Milimani Kisumu: Asante. Mimi nimeweka betri ndogo ya ruta, ile ya kuchajiwa kwa USB. Laptopu ina chaji yake, kwa hiyo napata kama saa mbili za kumalizia.

Jibu: Hiyo nzuri. Wenye laptopu wafanye hivyo.

Mwalimu Maseno: Habari za jioni. Nimelipenda hilo la masanduku. Je, kuna namna ya kujua sanduku lina mifumo mingapi kabla ya kulianza? Na je, yote ni sawa?

Jibu: Swali zuri sana, mwalimu. Andika namba kubwa kwenye ramani. Isipopatikana, punguza kwa nusu, na uendelee hivyo mpaka uufikie mpaka. Dakika tano zinatosha. Wala hayako sawa hata kidogo. Mfumo wenye Explorer's Anchorage unaitwa Stuemeae FG-Y d7561. Tazama ile namba: sanduku moja la d, miaka ya nuru 80 kila upande, na tayari lina mifumo zaidi ya 7,500, kwa kuwa katikati ya galaksi nyota zimesongamana. Chukua pembezoni, ambako sanduku la d huweza kuwa na makumi tu. Pia herufi hufuata uzito: a hujaa nyota hafifu, d ndiko utakakopata nyingi zinazofanana na Jua, na ukipanda zaidi ni nyota kubwa mno na mashimo meusi.

Mwalimu Maseno: Inanikumbusha hesabu ya ndege Ziwa Nakuru, nilijitolea Januari moja. Flamingo hawahesabiwi mmoja mmoja. Unahesabu kundi dogo kwa uangalifu, kisha unapima kundi zima ni mara ngapi ya lile.

Jibu: Mwalimu, nimeishi karibu na ziwa hilo miaka yote na sikujua. Basi sanduku likikamilika ni sampuli halali: sayari za maji ngapi kwa mifumo mia. Nitarudia daftari langu kwa jicho hilo.

Fundi Kakamega: Kuna kitu kingine chenye mwisho kwa sisi tusiopenda masanduku?

Jibu: Kipo. Kodeksi, kitabu cha kumbukumbu ndani ya mchezo, imeigawa galaksi katika kanda 42. Kuingia kila kanda ni safari ndefu yenye orodha inayoisha. Mimi niko 17. Nyota za nyutroni zitakusaidia, zinaongeza mruko mara nne, ila kila mara huikwaruza injini kidogo, kwa hiyo beba kifaa cha ukarabati. Nyota za vibete vyeupe ziache, faida ni ndogo na koni yake ya miale huua.

Kijana wa Bungoma: Nimefika kituoni. Nimeuza. Sayari mbili zinazofanana na Dunia zina jina langu.

Jibu: Hongera sana, ndugu yangu. Nimefurahi kwa kweli.

Mwalimu Maseno: Nimechagua sanduku la d pembezoni, mifumo 64. Nianzie sifuri?

Jibu: Anzia sifuri, mwalimu. Nitumie jina lake, mimi nianze na 63 tukutane katikati.