Ziba nyayo za kiti kabla ya kupaka vanishi

Ukifufua kiti au benchi la mbao la nje, anza na nyayo. Kipindue, acha miguu ikauke kabisa, piga msasa sehemu inayogusa ardhi, kisha paka gundi ya mbao inayostahimili maji. Ikishanywewa, rudia. Hapo nyuzi za mbao zimekatwa, kwa hiyo mguu hufyonza maji kutoka chini kama utambi, na uozo huanzia humo hata kama juu vanishi inang'aa. Wengi hupaka juu tu, inasikitisha, maana viti vizuri hufia miguuni. Ila choma kwanza kwa bisibisi: ikizama kirahisi, mbao imeoza na gundi haisaidii; kata hadi penye ugumu, miguu yote sawa. Mbao yenye unyevu usiizibe, utafungia maji ndani.