Unapodaiwa kila upande na yaya wako, ndugu yako mkubwa, ndiye mdhamini

Mimi ni mshonaji, nina kibanda karibu na soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, Kongo. Novemba 2022 nilikopa dola 1,200 kwenye taasisi moja ya mikopo midogo, nikanunua mashine mbili. Aliyenidhamini ni yaya wangu, mwalimu wa sekondari. Walimkubali kwa sababu mshahara wake hupitia benki. Marejesho manne ya kwanza nililipa bila shida. Mwezi wa nne wa 2023 baba watoto akasimamishwa kazi ya kuendesha lori, na ghafla kila mtu ananidai: taasisi, mwenye nyumba, shule ya watoto wetu wakubwa wawili, umeme, na muuza vitambaa aliyenipa mali kwa kuniamini. Naandika nilivyotoka humo, na nilipokosea nitasema.

Anza na mdhamini. Nenda mwenyewe, usimpigie simu, na ufike kabla ya barua. Mimi nilichelewa siku kumi na nane. Kila asubuhi nilijiambia leo kuna mteja atamalizia hesabu yake, jioni nitakuwa sawa. Nilipokwenda ilikuwa Jumapili baada ya misa, yaya amekaa chini ya mwembe anasahihisha madaftari. Nilimweleza yote. Hakupaza sauti. Aliingia ndani, akarudi na bahasha ya kaki, akatoa nakala yake ya mkataba na kuweka kidole pale alipoandika kwa mkono wake: 1,632, na chini yake kiasi hichohicho kwa maneno, kwa Kifaransa, hati nzuri ya mwalimu. Akaniuliza, "Mdogo wangu, huu ni mshahara wangu wa miezi mingapi?" Nilikuwa najua jibu. Sikuweza kulitamka.

Maandishi yale hayakuwa mapambo. Kongo iko tangu 2012 ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, na sheria yake inataka mdhamini aandike kwa mkono wake kiwango cha juu anachodhamini, kwa tarakimu na kwa maneno. Asiyejua kuandika lazima awe na mashahidi wawili, na wathibitishe kwamba alielezwa anachokubali. Watu wengi hudhani mdhamini ni wa mwisho kwenye mstari, kwamba watauza kwanza mashine zako ndipo wamguse. Sivyo. Mkataba usiposema vinginevyo, mdhamini anahesabiwa kubeba deni pamoja nawe: ukishapewa onyo rasmi na hujalipa, wanaweza kumdai yeye moja kwa moja. Lakini na yeye ana haki zake. Mkopeshaji anatakiwa kumjulisha unapokwama, na kila baada ya nusu mwaka ampe hali ya deni. Yaya hakuwahi kupata karatasi hiyo, basi tuliandika barua ya kuiomba, akaipata. Na ujue hili: akilipa yeye, deni halifi. Linahamia kwake, na sheria inamruhusu kukudai kila faranga.

Siku hiyohiyo kaeni pamoja msome mkataba mstari kwa mstari. Mimi niliusoma kwa mara ya kwanza pale chini ya mwembe, miezi mitano baada ya kusaini, na niliumia. Riba yangu ilikuwa asilimia 3 kwa mwezi juu ya dola 1,200 zote hadi mwisho, hata nilipokuwa nimeshapunguza deni. Yaani dola 100 za mtaji na 36 za riba, 136 kila mwezi, jumla 1,632. Kama riba ingehesabiwa juu ya deni linalobaki, mwezi wa kwanza ningelipa 36, wa mwisho 3, na riba yote ingekuwa dola 234 badala ya 432. Swali moja tu kabla ya kusaini: riba inahesabiwa juu ya nini? Kama bado hujakopa, liulize leo. Kama umeshasaini, tafuta faini ya kuchelewa ni kiasi gani kwa siku, na akiba yako waliyoizuia ni kiasi gani. Yangu ilikuwa dola 240, na nilikuwa nimeisahau kabisa.

Sasa kosa langu kubwa. Katika zile siku kumi na nane za kujificha nilikopa dola 100 kwa mtu wa mtaani, ule mkopo tunaouita banki lambert, ili nilipe rejesho la mwezi wa nne. Masharti: mwezi ukiisha, 130. Nilishindwa kurudisha 130, nikawa natoa 30 kila mwezi ili 100 yake ikae palepale. Miezi mitatu, dola 90, na deni halikupungua hata senti. Ndugu yangu, rejesho lililochelewa linazungumzika. Lambert haizungumziki. Uza kitu, uza hata televisheni kama mimi nilivyofanya mwezi wa saba kumaliza lile deni, lakini usizibe shimo la mdhamini kwa pesa ya namna hiyo.

Kwa taasisi nenda na karatasi. Nilibeba daftari langu la mapato, nikamwonyesha afisa wa mikopo kwamba kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba kazi yangu hulala, na kwamba Agosti na Septemba kila mzazi anataka sare za bluu na nyeupe kabla shule hazijafunguliwa. Niliomba kulipa dola 60 kwa miezi hiyo mitatu. Walikataa 60, wakakubali 70, na zile 198 zilizobaki zikasukumwa Agosti na Septemba. Walitaka yaya awepo, na nafurahi alikuwepo. Ukikubaliana nao, omba iandikwe, isainiwe, na iseme wazi kama kuna riba au faini ya kuongezwa. Neno la mdomo la afisa halimlindi mdhamini wako, maana afisa anaweza kuhamishwa tawi kesho.

Nyumbani nilipanga wadai kwa kujiuliza: nisipomlipa huyu, nani ataumia? Rejesho likawa la kwanza kwa sababu aliyekuwa akiumia hakula hata dola moja ya mkopo ule. Wa pili mwenye nyumba. Nilimwomba ale garanti, yaani amana ya kodi ya miezi miwili niliyoweka wakati wa kuingia, nami niirudishe kidogo kidogo hadi Krismasi. Alinung'unika, akakubali. Shuleni nilikwenda kwa mkuu kabla watoto hawajafukuzwa, nikapewa tarehe tatu za kulipa. Mtoto wetu mdogo alikuwa shule ya kulipia; tulimhamishia shule ya msingi ya serikali, ambayo ni bure tangu 2019, na moyo uliniuma kwa sababu alimpenda mwalimu wake. Umeme nililipa nusu na kutunza risiti. Muuza vitambaa nilimlipa kwa kumshonea.

Likelemba, mchezo wetu wa kuchanga pesa na kupokea kwa zamu, sikuacha. Ukitoka katikati, wenzako ndio wanaobeba. Nilimwomba mama mmoja tubadilishane zamu, nikapokea mwezi wa sita badala ya wa tisa.

Chakula ni jambo fupi: tulinunua bunga (unga) kwa mfuko, nyumba tatu tukagawana, na makala (mkaa) kwa gunia badala ya kopo. Bukari, yaani ugali, haikukosekana mezani.

Jambo moja linasahaulika sana hapa kwetu. Wateja wananilipa faranga, mkopo ni wa dola. Niliposaini, dola moja ilikuwa karibu faranga 2,000. Agosti 2023 ilikuwa imepita 2,400. Rejesho ni lilelile, lakini sare nilizopaswa kushona ili kulifikia ziliongezeka. Basi niliacha kubadilisha mkesha wa kulipa. Kila Jumamosi jioni, kabla ya kufunga kibanda, nilinunua dola kwa pesa ya wiki hiyo, hata kama ni dola 15, nikaziweka kwenye kopo la vifungo. Na kila nilipolipa nilimtumia yaya picha ya risiti siku hiyohiyo, bila kungoja aulize.

Mwisho wa mkopo, Novemba, niliandika barua kuomba ile akiba ya 240 ilipe rejesho la mwisho na nirudishiwe salio. Walikubali. Usiondoke dirishani na risiti tu. Dai barua ya kumaliza deni, yenye muhuri, inayosema mdhamini fulani hadaiwi tena chochote kwa mkopo huu. Mimi nilirudi mara tatu ndipo nikaipata. Nakala nilibaki nayo. Barua yenyewe nilimpelekea yaya, akaisoma akiwa amesimama, akaitia kwenye bahasha ileile ya kaki.